Vipimo Arobaini na Kimoja

Wenzangu, hadithi hii nimeiandika kwa ajili ya wenye vyeti ukutani. Lakini nyie msio na vyeti msiondoke, maana yaliyotokea yalimgusa kila mwenye kiu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na nyumba ilikuwa imetulia. Baba mwenye nyumba, mwalimu wa hisabati wa sekondari, alikuwa mezani akisahihisha madaftari na kuguna kila alipokutana na jibu la ajabu. Binti yao wa miaka sita alikuwa amejilaza kwenye kochi. Walimpachika jina la Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Mama naye alikuwa anapiga pasi gauni la kijani. Alikuwa mkemia, mhadhiri wa chuo kikuu, na wanafunzi walimwita Desimali kwa vile angekukata alama kwa kusahau nukta moja. Jina hilo alilijua, na moyoni lilimfurahisha.

Gauni lilikuwa la Alhamisi. Siku hiyo idara ya maji ya mji ingekaa kikao, na utafiti wake ndio ungejadiliwa. Kwa miaka miwili alikuwa amepima maji ya nyumba mia tatu akitafuta madini ya risasi, yale yanayochuja kutoka kwenye viungio vya mabomba ya zamani na kujijenga mwilini kidogo kidogo, hasa kwa watoto. Jibu lake lilikuwa tamu: maji ni salama mji mzima. Makala yake ilikwisha kutoka katika jarida la kuheshimika, na mkuu wa kitivo alikuwa amemnong'oneza kwamba kikao kikipita salama, barua ya uprofesa itafuata. Idara nayo ilikuwa inachekelea, kwani kwa nguvu ya makala ile ingeachana na mpango wa kufukua mabomba ya zamani.

"Chiriku, mbona kimya leo?" aliuliza bila kuinua macho kwenye pasi.

"Tumbo, mama."

"Tena?"

Tena, ndiyo. Hapo mwalimu akaweka kalamu chini. Akamkumbusha mkewe kwamba hii ni wiki ya tatu mtoto analalamika tumbo, choo hapati, chakula anakisukuma pembeni, na mwalimu wake wa darasa anasema anasinzia na kusahau herufi alizokuwa anazijua. Desimali akajibu kwamba itakuwa minyoo, atampitisha zahanati akipata nafasi. Nafasi, jamani! Nafasi ndiyo kitu ambacho nyumba ile haikuwa nacho. Ndiyo maana Jumatatu hadi Ijumaa Chiriku alilelewa na bibi yake, mama mzazi wa mwalimu, katika mtaa wa mwisho kule bomba la mji linakoishia, na kwao alikuja kama mgeni wa wikiendi. Simlaumu mama kwa kufanya kazi. Namlaumu kwa kutotazama, na baba naye asijifiche nyuma ya madaftari, kwani ilimchukua wiki tatu kuweka kalamu chini.

Jumatatu mwalimu hakungoja nafasi ya mtu. Aliomba ruhusa shuleni akampeleka mtoto hospitali. Daktari wa watoto, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimpima tumbo, akamtazama ufizi, kisha akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka siku iliyofuata aliwaita wazazi wote wawili. Akawaambia kwamba damu ya mtoto ina madini ya risasi, si kiasi cha kuua, lakini si cha kufumbia macho. Akauliza kuhusu rangi za ukutani, vyombo, michezo ya mtoto. Mwisho akauliza maji anakunywa wapi.

"Maji hayawezi kuwa," Desimali akasema haraka. "Mtaa ule nimeupima mimi mwenyewe, na makala imetoka. Ni salama."

Daktari akaisogeza karatasi ya majibu upande wake. "Mama, makala yako sijaisoma. Nimesoma damu ya mwanao."

Desimali akaivuta karatasi, akaisoma namba mara mbili. Shingo ilimwaka moto kwa aibu, na ndani ya ile aibu kulikuwa na hofu ambayo bado hakutaka kuipa jina.

Kutoka hospitali walikwenda moja kwa moja ofisini kwa mdogo wake mwalimu, fundi wa programu za kompyuta pale pale chuoni. Huyu shemeji kwa kawaida hakosi utani. Humwambia Desimali kwamba kaka yake alimwoa ili apate wa kumpimia chumvi kwenye mchuzi. Siku hiyo alifungua mdomo atanie, akaziona nyuso zao, akaufunga.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa lenyewe ni dogo, na madogo kama hayo ndiyo huingia bila kubisha hodi. Katika kila nyumba walikinga chupa mbili za maji: moja alfajiri kabla hajafungua koki mtu yeyote, nyingine baada ya maji kukimbia kwa muda. Siku za mwanzo mwanafunzi mmoja alitumia chupa chafu tatu, zikatoa namba za kichaa. Desimali akakasirika. Akamwagiza shemeji aweke amri kwenye programu ili kila kipimo kitakachopanda juu mno kuliko vingine kiondolewe chenyewe, watu wasipoteze muda. Shemeji akaweka. Programu ikatii, ikawa kila inachokiondoa inakihifadhi kwenye faili la pembeni. Faili hilo hakuna aliyelifungua kwa miaka miwili.

Kulikuwa na mlinzi ambaye angelizuia kosa hilo. Kamati ya maadili ya chuo ilikuwa imemjazisha fomu, na swali la kumi na moja lilimtaka aahidi kwamba kila kipimo kitakachoachwa kitaandikwa pamoja na sababu ya kuachwa. Alitia alama ya "Ndiyo" akiwa amesimama kwenye korido, fomu imebanwa ukutani, basi la kwenda kuchukua sampuli linapiga honi nje. Kwenye makala akaandika sentensi moja tu, kwamba vipimo vichache vyenye kasoro viliondolewa.

"Vichache ni vingapi?" mwalimu akauliza.

Desimali hakujua. Yule yule anayekata alama kwa nukta, hakujua.

Shemeji akalifungua faili. Vilikuwa arobaini na kimoja. Mwalimu akaomba mbele ya kila kipimo ionekane nyumba kilikotoka na saa kilipochukuliwa. Vitatu vilitoka huku na huku mjini, na hivyo ndivyo vya chupa chafu. Vilivyobaki, thelathini na nane, vyote ni vya alfajiri, na vyote ni vya mtaa mmoja. Mwalimu alieleza kwa sauti ya chini, kama anayejieleza mwenyewe, kwamba uchafu wa chupa hauchagui mtaa. Kasoro ya bahati mbaya hutawanyika, haipangi foleni kwenye njia moja.

"Mtaa wa mama una nyumba ngapi?" akamuuliza mdogo wake. Walikulia huko wote wawili.

"Thelathini na nane."

Hakuna aliyehitaji kikokotoo. Maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba bovu yalikuwa yanainywa risasi mpaka alfajiri, na bibi yake Chiriku, anayeamka kabla ya wote, alikuwa anayakinga yale ya kwanza kabisa. Birika la chai lilijazwa humo, na kikombe cha mjukuu pia.

"Shemeji, mimi niliandika ulichoniambia," fundi akasema.

"Najua."

"Lakini na mimi sikuuliza."

Jumatano Desimali alikwenda kuchukua nguo za mtoto. Njiani alikuwa na mpango, na sitaki kumfichia. Chiriku atahamia nyumbani. Bibi ataambiwa aache maji ya alfajiri yamwagike kwanza. Alhamisi kikao kitapita, barua itakuja, halafu mwakani ataomba kufanya utafiti mwingine, ataugundua ule mtaa kwa utaratibu, bila kelele. Akiwa anatembea mpango huo ulionekana wa busara kabisa. Nyie mnaotikisa vichwa, subirini siku kazi yenu ya miaka miwili iwe mkononi kama kioo.

Bibi alimsikiliza habari ya maji. Akasema lakini maji yake huyachemsha kila siku. Desimali akamweleza kwamba moto unaua vijidudu, lakini risasi hauiondoi, inabaki pale pale. Mzee akakaa kwenye kiti akauliza hayo yamejulikana lini. Hapo mkemia akashindwa kuendelea na mpango wake. Alilia, akamwambia yote, faili, fomu, kikao na uprofesa.

Bibi aliutazama mlango wa jirani, ng'ambo ya njia.

"Mwanangu, wako umemhamisha," akasema. "Mapacha wa fundi cherehani hapo mbele, watahamishwa na nani?"

"Nikisema kesho, mama, nitaaibika mbele ya mji mzima. Na uprofesa utaota mbawa."

"Utaaibika," mzee akakubali. "Sitakudanganya." Kisha akainuka, akaanza kukunja vigauni vya mjukuu wake kimoja kimoja.

Alhamisi ukumbi wa idara ya maji ulijaa. Mkuu wa kitivo alikaa mstari wa mbele, tabasamu tayari. Desimali alipopewa nafasi hakuwasha picha alizoandaa. Aligawa karatasi mbili, orodha ya vipimo alivyovitumia na orodha ya alivyovitupa. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Niliondoa vipimo arobaini na kimoja bila kuviangalia," akasema. "Thelathini na nane ni vya mtaa wa mwisho wa bomba, kila nyumba ya mtaa ule. Maji yao ya alfajiri si salama. Makala yangu si sahihi, naomba msiitumie."

Karatasi zikapinduliwa ukumbi mzima. Mhandisi mkuu, ambaye nadhani alikuwa anamhurumia, akamtupia kamba: akauliza kama pengine ni kosa la kompyuta. Shemeji mtu, aliyeiandika programu, alikuwa kaketi nyuma.

"Hapana," Desimali akajibu. "Kompyuta ilifanya nilichoiagiza."

Basi, wenzangu, sitawadanganya kwamba walimpigia makofi. Mkuu wa kitivo alitoka bila kumuaga. Jarida liliiondoa makala na kuandika sababu mahali kila mtu ataisoma. Kamati ya maadili ilimwita, ikamsimamishia utafiti kwa mwaka mmoja, na barua ya uprofesa haikuja. Mtaani, gari la matangazo lilipita jioni ya Alhamisi ile ile kuwaambia watu waache koki wazi kwa muda kila alfajiri kabla ya kukinga, na kwamba kuchemsha hakusaidii. Fundi cherehani, mama wa wale mapacha, alimkuta Desimali mlangoni kwa bibi akampita bila salamu. Alikuwa na haki.

Lakini mpango wa kufukua mabomba, uliokuwa umeshawekwa kando, ulirudishwa mezani siku ile ile, na safari hii ukaanzia mtaa wa mwisho. Kwa miezi minne njia nzima ilikuwa mitaro na matope. Watoto wote wa mtaa walipimwa damu, na waliokuwa wameathirika wakaanza kufuatiliwa mapema, kabla hawajafika pabaya. Daktari hakuwaahidi wazazi muujiza. Alisema risasi hutoka polepole na yapo mambo yatakayoonekana baadaye. Hata hivyo kila karatasi ya majibu ya Chiriku ilikuja na namba ndogo kuliko iliyotangulia, na herufi zikaanza kumrudia. Alikuwa amehamia kwao moja kwa moja. Mama yake sasa alikuwa na jioni, maana alisimamishwa, na jioni hizo alizitumia akiwa amekaa sakafuni pamoja naye. Aliniambia baadaye kwamba ndio mwaka aliojifunza jina la mwalimu wa darasa la mwanawe.

Adhabu ilipoisha alirudi maabara. Wiki ya kwanza tu mlango uligongwa, akaingia fundi cherehani na chupa ya maji mkononi. Hakusalimia vizuri. Alisema idara inadai maji ya bomba jipya ni salama, lakini yeye hamwamini mtu tena. Maji hayo ameyakinga mwenyewe alfajiri, kabla ya koki kuguswa.

"Pima nikiona," akasema.

Desimali akampa koti jeupe na kiti karibu na mashine. Akamweleza kila hatua kadiri alivyoifanya. Namba ilipotokea kwenye kioo, fundi cherehani aliinama akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kama hiyo ni kubwa au ndogo. Desimali akamwonyesha kiwango cha usalama na pale namba yake ilipo, chini kabisa.

"Na ingekuwa kubwa ungeiandika?"

"Ningeiandika, na jina la nyumba yako pembeni."

Fundi cherehani akavua koti, akalikunja vizuri. "Basi wiki ijayo nitakuletea ya jirani," akasema.

Mafunzo ya hadithi hii

Anayetafuta ukweli kwa haraka ya kutukuzwa huutupa ukweli wenyewe, na mara nyingi huutupa kwa mikono misafi, bila nia mbaya. Programu haina dhamiri, inatii. Hisabati haisemi mpaka iulizwe. Fomu ya maadili si karatasi ya kubanwa ukutani na kutiwa alama, ni ahadi kwa watu usiowajua. Na mzazi anayepima mji mzima akasahau kumtazama mwanawe hajapima kitu.

Lakini kosa likishatokea, bado kuna heshima ya kulisema kabla watu wengine hawajalinywa. Aibu ya Desimali ilikuwa ya mwaka mmoja. Kama angenyamaza, watoto wa mtaa ule wangeilipa maisha yao yote.

Nanyi mnaofanya kazi na namba, iwe chuoni, ofisini au hospitalini: kabla hujafuta namba yoyote isiyokupendeza, uliza kwanza ni ya nyumba ya nani.