Ngazi ya Dismas

Jumamosi, saa kumi jioni. Mtaa wa Landless, Thika.

Nyawira alifunga mlango wa stoo, akaweka kigae chekundu mezani. Alikuwa amepata tenda ya kukarabati jumba la enzi za mkoloni, na mwenye jumba hataki mabati. Paa lirudi lilivyokuwa. Vigae vya aina hiyo huagizwa ng'ambo, vingekula faida yote. Vya bure viko Ruiru, juu ya nyumba tupu katika shamba la kahawa. Kesho mlinzi akienda kanisani, wavishushe.

Mpango mzuri. Kilichomkera Dismas ni mgao wa kazi. Tangu waanze kuiba pamoja, mtu wa paa ni yeye. Sasa paa limepewa Kagwe, mgeni wa juzi kutoka Ngoingwa, mwenye meno mazuri.

"Wewe ni lori," Nyawira alimwambia.

"Na juu?"

"Kagwe ana mkono mwepesi."

Akaushika huo mkono, akakawia kuuachilia. Dismas alimpenda Nyawira na hajawahi kumwambia. Kwa wivu, hata chai ikamshinda.

Jumapili, saa nne asubuhi. Ruiru.

Kagwe alishusha vigae kwa ndoo na kamba. Nyawira alipokea chini, Dismas akapanga kwenye lori. Kila ndoo ilishuka na utani, na Nyawira akacheka. Dismas akasema anaenda haja. Nyuma ya tangi la maji aliwapigia polisi simu: mwizi yuko juu ya paa, mmoja tu. Angeondoa ngazi, Kagwe abaki juu, yeye aondoke na Nyawira.

Hakujua gari la doria lilikuwa jirani. Alirudi mbio, akaivuta ngazi, akaitupa chini.

"Nyawira, ingia lori. Polisi wanakuja."

"Nitashukaje na umetoa ngazi?"

Sauti ilitoka juu. Alikuwa amepanda kumsaidia Kagwe. Kabla Dismas hajairudisha, Landcruiser ya polisi iliingia getini. Akajitupa ndani ya mibuni ya kahawa.

Polisi waliwashusha kwa ngazi ileile. Pingu zilikuwa jozi moja, kwa hiyo wakawafunga pamoja, mkono wa huyu kwa wa yule. Hakuna aliyemtafuta Dismas, na uzio ulikuwa hatua chache tu nyuma yake. Ndipo akaona Nyawira amemwegemea Kagwe begani.

Akatoka, mikono juu.

"Afande, na mimi ni mwenzao."

Afande alimtazama, akajipapasa kiunoni. Pingu zimeisha. Akamketisha mbele, kando ya dereva. Huko nyuma Kagwe alinong'ona kitu, na Nyawira akacheka.