Kiti cha Mzee Gidamis

"Elfu sitini nikulipe za nini, na baba hayumo?"

"Mzee Yonas, usinichezee!" Modest aligonga meza ya duka lake. "DVD thelathini, elfu mbili mbili. Zote nimezihamishia kwenye hard disk yako. Mimi simwibii mtu!"

Nje, Katesh ilikuwa inaingia giza.

Yonas alikuwa mfugaji wa Getanuwas. Deki yake ya DVD ilikufa, binti yake akamnunulia laptopu, ndipo akaleta DVD za harusi, ubatizo na misiba ya ukoo mzima. Ila iliyomleta hasa ni moja: marehemu baba yake, Mzee Gidamis, akiwagawia wanawe ng'ombe na kuwabariki. Kesho wazee wanakaa kuamua ugomvi wa mifugo. Bila maneno yale, kaka zake wanaswaga zizi lote.

"Nilikuambia, fundi. Baba umhamishe mara moja tu. Usibaki naye."

"Na sijabaki naye! Tazama mwenyewe."

Modest akaifungua video ile. Uwanja ule ule. Wana wale wale, wameinamisha vichwa. Kigoda katikati...

Kitupu.

Fimbo ikainuka yenyewe hewani. Ikagusa kichwa kimoja kimoja.

"Tia ile DVD yenyewe," Yonas akanong'ona.

Akatia. Kitupu vilevile.

Hapo Modest akakumbuka. Kumbe alikuwa amesema uongo. Kila kazi hubakiza kopi kwenye kompyuta yake, mteja akipoteza asihangaike. Mazoea tu. Mkono ulifanya, kichwa kikasahau.

Akageuza skrini kidogo, Yonas asione. Akaifungua kopi yake.

Mzee Gidamis alikuwepo. Shuka jeusi begani, mashavu yamebonyea. Hakuwa anawatazama wanawe.

Alikuwa anamtazama Modest.

Midomo ilicheza, sauti hakuna. Kisha mzee akaikamata fimbo. Akaanza kunyanyuka. Akaja mbele... mbele... mpaka uso ukajaa kwenye skrini.

Modest akafuta.

Kimya. Feni ya kompyuta tu, inavuma.

Halafu harufu. Samadi mbichi. Moshi wa kuni. Ugoro.

"Huo ugoro ni wa baba," Yonas alisema. "Fundi, umefanya nini?"

Modest alitaka kusema hajafanya kitu. Kikamtoka kikohozi. Kikavu, kirefu, cha mtu aliyekohoa miaka themanini.

Yonas akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama machoni muda mrefu. Taratibu, mtu mzima yule mwenye mvi akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Tangu azaliwe, Modest hakuwahi kuiitikia shikamoo ya mtu aliyemzidi umri. Akauma meno. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Marahaba," sauti nzito ikasema katikati ya vidole vyake.

Yonas akatoa noti zote, akazirundika mezani. Akaenda mlangoni, akateremsha komeo.

"Pesa yako chukua," alisema. "Nipe baba yangu."