Maji ya Kumwosha Fatu

"Fatu atapata maji akija kuniomba mwenyewe, kwa mdomo wake!"

Sadallah alitamka hayo mbele ya foleni ya wanawake, ufunguo wa tangi mkononi. Kijiji kizima cha Mnyambe kilichota kwake bure. Huku juu hakuna kisima, na asiye na tangi hushuka bondeni alfajiri akarudi na mtungi jua likiwa utosini.

"Mwanangu, miaka saba bado tu?" aliuliza Bimdogo, mama yake Fatu.

"Mama, si ulikuwepo? Aliniambia nini?"

Sadallah alikuwa yatima aliyelelewa nyumbani kwa Bimdogo. Alipomposa Fatu, binti alicheka mbele ya wageni: "Niolewe na mtu asiye na ukoo?" Kijana akaenda kukata mkonge Lindi. Aliporudi, Fatu alikuwa ameshaolewa na kuachika. Sadallah akajenga nyumba ya mabati na tangi la saruji. Jamani, jasho lote lile lilikuwa la kumsubiri mwanamke mmoja aje na mtungi!

Siku moja akamvizia Fatu njiani, akipanda na mtungi kutoka bondeni.

"Fatu, niombe tu. Neno moja."

"Nilikukosea, Sadallah. Nilikuwa na kiburi, na ninacho bado. Ungesema unanipenda, ningetua mtungi huu hapahapa. Lakini wewe hutaki mke, unataka nipige magoti."

Sadallah alimpenda kufa. Neno likamfika ulimini, akalimeza.

"Basi beba."

"Nabeba."

Kiangazi cha mwaka hamsini na nne kilikuwa kikali. Fatu alishuka na kupanda hata homa ilipomwingia kifuani. Siku ya tano, asubuhi, Bimdogo alikuja kwa Sadallah, kanga kaifunga kiunoni. Sadallah hakungoja kuombwa.

"Shikamoo Mama. Ufunguo huu, chukueni maji yote!"

"Marahaba. Fatu amekufa, mwanangu."

Sadallah akamnyooshea tena ufunguo.

"Basi yawe ya kumwoshea."

"Ameyakataa. Ameusia aoshwe kwa maji ya bondeni."

Sadallah aliutupa ufunguo chini. Akaomba mtungi, akasokota ngata, akashika njia. Mwanamume kujitwika maji kichwani! Jambo hilo halikuwahi kuonekana Mnyambe. Wazee waliokuwa msibani walisimama wote. Alishuka akapanda, akashuka tena, mara tatu, maji yakimmwagikia usoni hata machozi yasijulikane. Wanawake walimpisha njia, na hata wale wacheshi hawakuthubutu kucheka. Mimi niliyesimuliwa tu, mwili ulinisisimka.

Mtungi wa tatu, Bimdogo aliupokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Nampenda, Mama," alisema Sadallah, akihema. "Wallahi nampenda."

"Mimi nilijua, baba," akajibu Bimdogo. "Yeye ndiye hukumwambia."

Akaingia na maji ndani, akafunga mlango.