Prosesa Moja Inachimba, Tatu Zimekaa

Siku ya soko pale Same watu walikuwa wamebanana. Rogathe akageuka na fungu lake la tangawizi, akagongana kifua kwa kifua na Loth, mpiga video za harusi. Gauni la njano lilimkaa binti sawasawa, Loth akasahau alichofuata sokoni.

“Rogathe wangu!”

“Wako tangu lini? Siku ya msaragambo ulikuwa wapi?”

Loth akatazama viatu. Siku ile ukoo mzima ulitoka na majembe kule Vudee kuzoa tope la ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Baba yake Rogathe alishatangaza kuwa mchumba wa binti yake atachimba nao, wamwone. Mchumba akazima simu, akaenda kupiga video harusi ya mjini. Mashangazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Rogathe akachimba sehemu yake na ya Loth, akala yamini kwamba atamkomesha.

“Nigombeze baadaye, mpenzi. Kompyuta imegoma. Sendofu ya watu ni kesho, video ya kuonyesha ukumbini haisogei, feni inalia kama pikipiki inapanda mlima. Fundi wangu wa kompyuta ni wewe tu.”

Rogathe akatabasamu kama paka aliyeona panya.

Walipofika studio ya Loth, akafungua kwenye kompyuta dirisha linaloonyesha programu zinavyokula nguvu ya mashine.

“Hapo nimeshaangalia,” Loth akasema. “Asilimia ishirini na tano. Nguvu tele.”

“Mashine ina prosesa nne, baba. Robo hiyo ni prosesa moja imekabwa koo.” Akabadilisha mchoro, kila prosesa ikaonekana peke yake. Moja imejaa mpaka juu, tatu zimelala. “Moja inachimba, tatu zimekaa kivulini. Unamfahamu mtu wa hivyo?”

Loth akajifanya anakunja nyaya.

Mlaji alikuwa programu ya kusafisha sauti, ya zamani, isiyojua kugawa kazi. Imekwama kwenye kipande kibovu cha video, inakirudia tu bila kumaliza. Rogathe angeweza kuifunga pale pale. Akakunja mikono.

“Ifunge, malkia wangu!”

“Jumamosi kuna msaragambo. Mpigie baba, umwambie unakuja. Weka sauti kubwa nisikie.”

Loth akapiga, jasho likimtiririka. “Shikamoo baba. Jumamosi nitakuja.”

Simu ikajibu, “Marahaba. Jembe uje na lako.”

Ndipo Rogathe akaifunga programu, akaondoa kile kipande, video ikaanza kutembea.

Jumamosi Loth akashuka kwenye ndiva na shati jeupe. Rogathe akawakonyeza mashangazi. Wote wakaweka majembe chini, wakakaa ukingoni, wakaanza kumenya miwa.

“Jamani, hamchimbi?”

“Tunakutazama, mkwe!” akajibu shangazi Dorkas. “Na video tunapiga!”

Loth hakulitupa jembe. Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge na shati likageuka rangi ya tope. Kila alipoinua macho, Rogathe alimwonyesha kona iliyobaki, na wala hakuona haya kwa jinsi alivyofurahi.

Mwisho Loth akaegemea mpini, akihema.

“Rogathe. Nikubalie nikuoe.”

Akamtazama kuanzia kichwani hadi magotini. Miguu haikuonekana kwa tope.

“Kamwambie baba. Sasa hivi, mbele ya watu wote.”

“Ngoja ninawe, basi.”

“Ole wako unawe.”