Siyo Kila Mdudu ni Fukusi

Kila asubuhi kabla ya kengele nilipitia jikoni pale shuleni kumsaidia shangazi yangu, mpishi, kupepeta mahindi. Asubuhi ile ungo ulijaa vumbi tupu. Shangazi alikaa juu ya debe akashika tama. Alikuwa ameanika, amepepeta, amebadilisha magunia, na bado wadudu walirudi. Mwalimu mkuu alishasema huo ni uzembe, na Ijumaa angetafuta mpishi mwingine. Roho iliniuma sana.

"Ni fukusi, mwanangu," alisema. "Wameniandama."

Sisi kila mdudu wa mahindi tunamwita fukusi, hakuna anayejisumbua kumtazama usoni. Mimi, ambaye darasani wananiita Darubini, nilimtazama. Kumbe walikuwa wa aina mbili! Mmoja alikuwa na mdomo mrefu uliochongoka. Mwingine hakuwa nao. Alikuwa mnene kidogo, kichwa kakiinamisha kama mwanafunzi asiyejua jibu.

Niliwatenganisha katika chupa mbili, kila moja na kijiti kikavu tu, bila punje hata moja, nione nani ataweza kuishi bila mahindi. Wenzangu walinicheka hadi basi, eti nafuga fukusi. Siku ya tatu wale wenye midomo mirefu walikuwa hoi, kijiti chao kizima. Katika chupa ya pili kijiti kilikuwa kimetobolewa, na unga wa mti umejaa chini.

Nilikimbilia stoo nikagonga nguzo za miti za kichanja cha magunia. Vumbi likanimwagikia kichwani. Mwalimu wa sayansi alipoona chupa zangu alicheka kwa furaha, akaniambia yule mtoboaji anaitwa dumuzi.

Ijumaa nilisimama mbele ya mwalimu mkuu, nikaziweka chupa zangu mbili mezani kwake. "Fukusi anaishi kwenye punje," nilisema. "Dumuzi anakula punje, na mti pia anautoboa. Shangazi anasafisha magunia, wao wamejificha kwenye nguzo."

Mwalimu mkuu aligonga nguzo mwenyewe, akapangusa vumbi kwenye miwani. Jioni ileile nguzo zilichomwa moto, magunia yakapangwa juu ya matofali, na mahindi yakaanikwa upya. Mwezi ulipita, ungo ukabaki safi.

Mwalimu mkuu alimwomba shangazi radhi mbele ya shule nzima. "Nilimlaumu mpishi kabla ya kumtazama mdudu," alisema. "Ninyi msifanye hivyo. Tazameni kwanza, ndipo mseme."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mchana ule shangazi alinipakulia wa kwanza, na wale walionicheka walipanga foleni nyuma yangu, kila mmoja na chupa yake ya wadudu mkononi.