Redio ya Nyamoita

Siku ya soko Kapkatet hata mbuzi hukosa pa kusimama, na ndiyo siku Kipkirui alichagua kugombana na gari lake. Alikuwa kijana mrefu, koti la ngozi, viatu vinang'aa, muuza mitamba anayejulikana hadi Ndanai. Alibonyeza rimoti kama mtu anayeua chawa. Gari likamtazama tu.

"Utaitoboa," sauti ya kike ilisema.

Chini ya mwavuli mkubwa aliketi Nyamoita, fundi wa rimoti na alamu, sketi ya kitenge, kitambaa cha manjano kichwani. Mbele yake palikuwa na laptopu, na kwenye laptopu amechomeka kidude cha ukubwa wa kidole gumba, chenye antena.

"Bonyeza tena nione."

Kwenye skrini mstari mwembamba uliruka, ukafifia.

"Rimoti yako inanong'ona. Betri imeisha."

"Hiyo mashine imesikia rimoti yangu?"

"Inasikia vitu vya karibu. Rimoti, alamu, kengele za mlango. Ni redio, lakini kazi kubwa inafanywa na kompyuta. Haitumi kitu, inasikiliza tu."

"Na moyo wangu inasikia?"

"Kwani huo pia betri imeisha?"

Kipkirui alicheka hadi akasahau gari. Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Na uache kuniita mrembo mbele ya ng'ombe, watajisikia vibaya."

Walipendana, na ndivyo ilivyokuwa. Wazazi wa Nyamoita walihamia hapa kutoka Kisii kabla hajazaliwa, na wapo waliomwita mgeni mpaka leo. Yeye hakujali. Alijua kazi yake, na alitembea kama anayeijua.

Kisha vitu vikaanza kuibiwa ndani ya magari sokoni. Mlango haujavunjwa, kioo kizima, mkoba hakuna. Nyamoita akaona kwenye skrini utepe mnene uliofunika mistari yote.

"Kuna mtu anapiga kelele hewani," alimwambia Kipkirui kwa simu. "Rimoti ikisema funga, gari halisikii. Nataka nimtafute."

"Babe, achana na hiyo. Mama anakuja soko kesho kukuona. Vaa vizuri."

Rebeccah, mama yake Kipkirui, alikuja na suti yake ya buluu ya kanisa. Walisalimiana vizuri pale mezani, wakacheka. Aliporudi kwenye gari la mwanawe, mkoba aliouacha ndani haukuwepo.

"Si ni huyo na mashine yake!" alipayuka Esnah, muuza mitumba. "Lisemwalo lipo!"

Watu wakajaa. Kipkirui alimwona mama yake akimtazama, uso ukamuwaka.

"Moita, zima tu hiyo kitu. Tafadhali."

Maneno ya umati Nyamoita angeyabeba. Haya yalimuuma.

"Hata wewe?"

"Sijasema ni wewe. Nataka tu watu watulie."

"Nikizima wakatulia, si watasema ni mimi?" Alifunga laptopu, akachomoa kidude, akakiweka kwenye kiganja cha Rebeccah. "Shika, Mama. Wewe, funga gari lako."

Kipkirui alibonyeza rimoti, betri mpya. Gari halikufunga. Akabonyeza tena. Halikufunga.

"Sasa ni nani, na mashine iko kwa mkono wa mama yako?"

Rebeccah alimrudishia kidude, Nyamoita akafungua laptopu na kukichomeka tena. Rebeccah akafungua mwavuli wake juu ya laptopu maana manyunyu yalikuwa yameanza. "Twende," alisema. Wakatembea hivyo, msichana na antena yake, mama na mwavuli, soko zima nyuma. Kila utepe ulipozidi kunenepa walisonga, ukikonda walirudi. Ukajaa skrini nzima mbele ya bwana mmoja wa suti ya kijivu, ameketi karibu na mafungu ya parachichi, begi mapajani. Alijaribu kukimbia, vijana wakamdaka. Ndani ya begi mlikuwa na kidude cheusi cha antena nne, na mkoba wa Rebeccah. Askari wakamchukua.

Jioni Kipkirui alipiga simu mpaka vidole vikachoka. Mwishowe ikapokewa.

"Mpenzi, nisamehe."

"Ulinishuku mbele ya watu, Kipkirui. Usiniombe msamaha kwa simu."

Ikakatwa.

Siku ya soko iliyofuata akaja, shati jeupe, bila koti ingawa baridi iliuma. Akasimama mbele ya meza, watu walewale wakisikia.

"Nilimwambia azime," alisema. "Niliogopa aibu, nikamwachia yeye aibebe. Nilikosa. Moita, nisamehe."

Nyamoita alimtazama, na kweli alikuwa amemkumbuka sana wiki hiyo.

"Nimekusamehe."

Esnah aliangalia chini, akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Rebeccah, aliyekuja na mwanawe, akasogea, akamshika Nyamoita bega. "Huyu ndiye alimtoa mwizi Kapkatet," aliwaambia. "Ni msichana wetu."

"Bado, Mama," Nyamoita alijibu. "Kijana wako hajaniuliza."

Kipkirui akainama juu ya meza. "Utakubali nikuoe?"

"Sauti. Wa huko nyuma hawajasikia."

"NYAMOITA, UTAKUBALI NIKUOE?"

Muuza kuku aliinua kichwa. Nyamoita akasimama, akanyoosha kitambaa chake cha manjano, akawatazama mmoja mmoja wale waliomwita mgeni.

"Nimekubali!" alisema, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa soko.