Si Gesi, Ni Moyo

Fundi cherehani alikuwa na ulimi mkali, na wateja walimpenda hivyo hivyo. Lakini asubuhi ile alishona sare za shule bila kusema neno. Taya lilimuuma. Kichefuchefu kilimpanda, jasho jembamba likamtoka, pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida.

Mumewe akamkimbiza zahanati. Mganga wa zamu hakumgusa hata mkono.

"Kifua kinauma?"

"Si sana. Taya, na mgongo hapa juu."

"Gesi hiyo, mama. Na mawazo. Nyie wanawake mna mawazo mengi." Akampa dawa ya tumbo.

Njiani fundi alichemka. Juzi tu kaka yake alishika kifua pale pale zahanati, wakampima moyo kabla hajamaliza salamu.

"Kaka ana moyo, mimi nina mawazo?"

Uani walimkuta jirani yao, muuguzi wa wadi ya moyo, akianua nguo. Aliposikia habari hizo, nguo zilimponyoka.

"Shoga, hospitali sasa hivi!"

"Mbona kifua hakiniumi sana?"

"Ndiyo maana wanakosea. Miaka mingi utafiti wa moyo ulifanywa zaidi kwa wanaume. Wanawake nao huumwa kifua, lakini moyo wetu unaweza pia kulalamika kwa taya, mgongo, kichefuchefu, kukosa pumzi, au uchovu usioeleweka. Tunaambiwa ni gesi. Tunacheleweshwa. Tunakufa."

"Tunakufa kwa dharau!" fundi akasema, machozi ya hasira yakimtoka.

Hospitali walimpima umeme wa moyo papo hapo. Mshipa ulikuwa umeziba. Wakauzibua siku ile ile.

Alipopata nguvu, alirudi zahanati.

"Mganga, unamkumbuka mwenye gesi?"

Mganga akainamisha macho. "Samahani, mama."

"Samahani yako weka mfukoni. Kesho akija mwingine, utafanya nini?"

Alikaa kwenye benchi, akagoma kuondoka mpaka mkuu wa zahanati alipotoka na kuwaagiza wote: mwanamke akija na dalili zile, apimwe moyo kwanza.

Wiki jana mama muuza mkaa alifika pale akishika taya. Alipimwa kabla hajaketi sawasawa, na leo yu hai. Alikuja kwa fundi kumshukuru.

Fundi alimkumbatia, kisha akakunja uso.

"Usinishukuru, dada. Haki yetu hiyo. Ilikuwa yetu hata kabla sijapiga kelele."